Koplo Alivyokufa Ili Mimi Niolewe

Wasichana wa kundi, tangu niache kazi mwaka huu hamnipi nafasi: Mama Mwamini, tuandikie jinsi mtu anavyokuwa mwigizaji wa filamu. Bon, nimekaa, nimeweka mguu wenye goti bovu juu ya kigoda, naandika. Habari za vyeo sitazigusa, maana cheo changu kilikuwa kimoja tu, mama mkwe mbaya, na nilikipata nikiwa na miaka ishirini na sita. Habari za mshahara nazo sitazigusa, kwa sababu mtu hawezi kugusa kitu ambacho hakipo. Nitasema yale yanayowafaa: namna ya kulia, namna ya kufa, namna ya kukaa na mbuzi mbele ya kamera, na kwa nini usimlete mchungaji wa kweli kwenye harusi ya uongo. Hilo la mwisho lilikaribia kuniharibia maisha, kwa hiyo lisomeni mara mbili.

Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, mwisho wa 1996 na mama yangu, sufuria mbili na kitabu cha nyimbo za kanisa. Nilikuwa na miaka ishirini. Tulitoka Kongo, upande wa Fizi, kijiji ambacho ukikitafuta kwenye ramani utaona milima tu. Tulipewa plastiki ya kuezekea, jembe, na kipande cha shamba chenye mawe mengi kuliko udongo. Mama akapanda mahindi na maharage. Mimi nililima wiki mbili nikatambua kwamba mgongo wangu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Wakati huo kulikuwa na kikundi cha maigizo kilichozunguka vijiji vya kambi kufundisha watu kuchimba vyoo na kunawa mikono. Niliingia kwa sababu ya uvivu, na sioni haya kusema.

Siku ya kwanza nilipewa kucheza Kuhara. Nilifungwa kitenge cha rangi ya udongo kuanzia kichwani, nikaambiwa niwakimbize watoto ambao hawakunawa. Niliwakimbiza kwa bidii. Bibi mmoja mzee alitoka katikati ya watazamaji akanipiga fimbo mbili za mgongo, moja kwa ajili ya wajukuu wake na nyingine, nadhani, kwa raha zake. Nilirudi nyuma ya shuka lililokuwa pazia letu nikilia. Mkubwa wetu, Mama Jeanne, aliyewahi kuwa mwalimu wa kwaya kule Uvira, alinitazama akacheka mpaka akashika ukuta.

“Umepigwa? Ni muzuri,” alisema. “Mutu hawezi kupiga kitu haamini.”

Kwa mwaka mzima niliitwa Kuhara kwenye foleni ya maji. Sikuchukia sana, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimama karibu nami na nilikuwa nachota mapema.

Mama Jeanne ndiye aliyenifundisha kulia. Vitunguu alivikataza, alisema vitunguu ni vya mboga. Unavuta pumzi tatu fupi, unaibana ya nne, halafu unatafuta huzuni ndogo. Siyo kubwa. “Huzuni kubwa inakausha macho,” alikuwa akisema. “Tafuta ile ndogo.” Sisi wote tulikuwa na zile kubwa, hakuna aliyekosa, na kweli zilikuwa zinakausha. Mimi nilichagua kuku mwekundu tuliyemwacha bandani siku tuliyokimbia, amefungiwa, hakuna wa kumfungulia. Kuku huyo alinilisha miaka mingi. Mama Jeanne baadaye alipata safari ya kwenda Kanada, na nasikia kule anafundisha wazungu kuimba, Mungu awasaidie.

Filamu zilinijia mwaka 2002. Kijana mmoja wa Mbarara, Tumwine, aliyekuwa akipiga video za harusi, aliletwa kambini kurekodi mchezo wetu wa chandarua. Nilikuwa Mbu. Baada ya mchezo alinifuata na kamera yake mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha mjini, “Nyabo, bibie, wewe nakuja Ruti, kule Mbarara. Mimi nafanya filamu. Wewe iko na sura ya mtu mbaya.” Sikuwahi kusifiwa hivyo na mwanaume.

Sasa sikilizeni habari ya vyombo, maana nyinyi wa simu hamjui mateso. Kamera ya Tumwine ilikuwa na betri tatu. Umeme kambini hakuna, kwa hiyo tukirekodi Nakivale betri zilipanda baiskeli kwenda kuchajiwa Kabingo na kurudi. Betri zikiisha, hata kama umefika katikati ya kufa, unaamka unakwenda nyumbani na unarudi kesho kumalizia kufa. Nguo uliyoingia nayo mlangoni ndiyo utakayotoka nayo, hata kama kati ya kuingia na kutoka imepita miezi minne na umenenepa. Uzee tulifanya kwa majivu na unga wa muhogo kwenye nywele. Unga unakaa vizuri, lakini mvua ikikunyeshea unashuka nao mpaka shingoni kama ugali. Damu tulichanganya asali na rangi nyekundu, mpaka siku nyuki walipokuja na maiti wawili wakanishinda mbio.

Kuhusu mbuzi nitasema neno moja: mlishe kabla. Mbuzi mwenye njaa hula karatasi za maneno, na mwigizaji mwenzako atasema ndiyo sababu hakukariri.

Kanisani ndiko nilikopata taabu. Kanisa letu la Kiprotestanti hapo kambini, kama mnavyojua, lina benchi la nyuma. Ukianguka katika dhambi unawekwa huko kwa miezi fulani: huimbi kwaya, huli Meza ya Bwana, na watoto wanakugeukia wakati wa mahubiri. Mkubwa wa mambo hayo alikuwa Mzee Asukulu, katibu wa wazee wa kanisa, mtu mrefu mkavu aliyekuwa karani wa mahakama kule kwetu, na alipokimbia vita inasemekana alibeba kalamu tatu tu. Filamu yangu ya kwanza ilipoonyeshwa kwenye kibanda cha video cha Base Camp, katikati ya kambi, kwa jenereta ya kukodi, aliniita.

“Dada Mwamini, ulitia sumu mu supu ya bibi ya mutoto wako.”

“Mzee, mimi sina mtoto, sembuse mke wa mtoto. Na yale yalikuwa maji ya majani ya chai.”

“Sawa. Lakini wakati unatia, roho yako ilikuwa na nia gani?”

Nilimwambia nia ilikuwa kumaliza kabla betri haijakufa. Akaandika. Nilipewa miezi mitatu. Baadaye nilipata mwezi mmoja kwa ulevi na sita kwa uchawi. Ili kutoa hukumu ilibidi wazee wanne waje kibandani, wakae mstari wa mbele, watazame filamu nzima. Nikaanza kuona kwamba hata filamu ambazo sikutenda dhambi ndani yake walikuja, tena mapema, kushika nafasi. Mzee Asukulu alisema wanakuja kuhakikisha.

Miaka kumi nilitia watu sumu kwa namna hiyo. Halafu mwaka 2012 Tumwine akaniletea karatasi, na kwa mara ya kwanza ndani yake kulikuwa na mtu anayenipenda. Nilikuwa Grace, muuza samaki wa Ruti, mwanamke wa makamo ambaye anaolewa na koplo wa jeshi. Nilisoma karatasi ile nyumbani mara tatu na mama akaniuliza kama nina homa.

Bwana arusi alikuwa Koplo Odongo, koplo wa kweli kutoka kambi ya jeshi ya Makenke, kijana wa kaskazini, kapera, mwenye meno mazuri, aliyeigiza siku zake za likizo. Watu wa Mbarara walimpenda mno. Kilichokosekana ni mchungaji, kwa sababu yule mwigizaji wa uchungaji alikuwa ameacha filamu akafungua kanisa. Hapo nikafungua mdomo wangu, nao ndio ulioniponza. Nikasema sisi Nakivale tuna kanisa, tuna kwaya, tuna Mchungaji Elia na suti yake mwenyewe.

Mchungaji Elia alikuwa mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikubali. Tumwine akamwambia, “Pasta, usiogope kamera. Fanya tu kama siku yote.” Naye akafanya kama siku zote. Alihubiri. Aliuliza kama kuna mwenye kupinga, mara tatu. Aliponiuliza jina nikasema Grace, kama karatasi ilivyoandika. Akashusha miwani.

“Dada Mwamini, usidanganye mbele ya Mungu.”

Nikamtazama Tumwine. Akazungusha mkono, yaani endelea, sauti tutatengeneza. Nikataja jina langu lote. Koplo alipoona hivyo alisimama wima akataja jina, cheo na namba. Tukaweka ahadi mpaka kifo kitutenganishe. Tukaitwa mezani, Mzee Asukulu akafungua kitabu cha ndoa, tukatia sahihi sisi na mashahidi wawili. Mchungaji akatuwekea mikono kichwani akaomba mpaka betri mbili zikaisha. Tumwine alikuwa anaruka kwa furaha.

“Banange, jamani,” alisema, “huyu pasta naigiza kuliko nyinyi yote.”

Wiki chache baada ya hapo ndipo Byamungu alipozungumza. Byamungu alikuwa fundi wa redio hapo Base Camp, mjane mwenye mabinti wawili walioolewa, na ndiye aliyetengeneza chaja ya Tumwine kila ilipoungua. Ni mtu ambaye maneno ishirini yanamtosha wiki. Filamu zangu alizitazama zote, akasema sauti ni mbaya. Siku hiyo nilimpelekea chaja, akaipokea, akaitazama, akasema, “Mwamini, nimechoka kupika.”

Nikamwambia hata mimi nimechoka kupika.

“Basi tuchoke pamoja,” akasema, akarudi kwenye waya zake.

Nilikwenda nyumbani nikamsahau mama niliyekuwa nimemwacha dukani. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, umri ambao kwetu watu huwa wameacha kuuliza. Nilimtaka huyo mwanaume. Naandika wazi hivyo kwa sababu nyinyi wa siku hizi mnadhani mlianza nyinyi.

Ndoa kanisani kwetu hutangazwa Jumapili tatu. Jumapili ya kwanza Mchungaji alisoma majina yetu, na kabla hajaketi, Mzee Asukulu akasimama na kitabu cha ndoa mkononi.

“Naomba ruhusa,” alisema. “Huyu dada alifunga ndoa mu kanisa hili. Bwana yake iko muzima. Niliandika kwa mukono yangu.”

Mama yangu, aliyekuwa akikaa mstari wa mbele wa wamama, alivua miwani akaiweka mapajani. Byamungu hakugeuza kichwa. Mimi nilicheka, nikidhani ni mzaha, lakini nilicheka peke yangu.

Baraza la wazee lilikaa vikao vinne, na nawaambieni, nilikwenda kikao cha kwanza nikiwa na hasira. Nilisema ilikuwa filamu, kamera ilikuwapo. Mzee Asukulu akasema, “Siku hizi harusi zote ziko na kamera. Kama kamera inaharibu ndoa, nusu ya kanisa banaishi mu zambi.” Nikasema basi, sisi wawili hatukuwa na nia, tulikuwa tunaigiza. Akaweka kalamu chini, akazungumza kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko ukali. “Binti, nikikubali hiyo, kesho kila mwanaume mwenye kuchoka na bibi yake atakuja hapa kusema: siku ile nilikuwa naigiza. Nitawajibu nini?” Nikamgeukia Mchungaji Elia anitetee. Alikuwa karibu kulia.

“Mimi sijui kuomba kwa uongo, Mwamini,” alisema. “Nikiomba, nimeomba.”

Talaka kanisani kwetu hakuna. Kinachovunja ndoa ni kifo tu, na Koplo Odongo alikuwa na afya ya kuudhi.

Ningeweza kuhamia kwa Byamungu bila kanisa, wengi wamefanya, lakini mama angeona aibu akajihamishia benchi la nyuma mwenyewe, namjua. Na Byamungu naye alikataa. “Nitakuoa mchana, batu baone,” alisema. Nikakaa nyumbani siku tisa. Nililia bila pumzi tatu na bila kuku.

Siku ya kumi Byamungu alikuja, akakaa, akanywa chai, akauliza, “Ile filamu ilikwisha?”

Nikasema bado, Tumwine anangoja mvua ili arekodi mwisho.

“Mu filamu, ule bwana anakufa?”

Nikasema hafi. Wanahamia nyumba mpya ya Ruti, wananunua friji.

“Afe,” akasema Byamungu.

Tulikwenda kwa Mzee Asukulu. Alitusikiliza, akatuambia turudi baada ya wiki, na wiki hiyo mke wake alisema Mzee hakulala vizuri. Tuliporudi alikuwa amevaa koti. “Ndoa ilifungwa ndani ya filamu,” alisema. “Kifo nacho kikiwa ndani ya filamu ileile, sioni sheria ya kukataa. Lakini tutakiona kwa macho.”

Nikapanda kwenda Mbarara kumwomba Tumwine amuue koplo wake. Alishika kichwa. “Nyabo, hapana. Watu ya Mbarara nampenda huyu koplo. Watu nataka friji.” Nilimweleza. Akacheka, kisha akaona sicheki. Nikamwambia amuue, na mimi nitamlipa kwa kilio ambacho hajapata kukiona, kilio cha kutoa watu kibandani wakiwa wamelowa. Alifikiri, maana alijua kilio kinauza kuliko friji. “Kale, sawa,” alisema. “Lakini koplo mwenyewe akubali.”

Koplo tulimkuta Ruti akinyoa ndevu. Hakukataa kufa, alikataa aina ya kifo. “Mimi hapana kufa na malaria,” alisema. “Mimi askari. Nyumbani watasema nini?” Alitaka risasi, lakini bunduki hatukuwa nayo na ya jeshi haiguswi. Tumwine akatoa wazo la sumu, na wote wawili wakanitazama kwa mazoea. Nikawaambia hapana, mjane aliyeua mume haolewi, na Mzee Asukulu angenifunga benchi la nyuma mpaka kiama. Tulipita nyoka, tukapita pikipiki, tukapita radi. Mwishowe nikasema kiboko, wapo ziwani Nakivale na wanaua watu kweli. Koplo aliweka wembe chini.

“Kiboko iko sawa,” alisema. “Kiboko ni mnyama ya heshima.”

Tukarekodi kando ya ziwa. Koplo alimwokoa mtoto, akakimbia nyuma ya matete, akapiga kelele, na Tumwine akaonyesha buti zake mbili majini, basi. Kiboko mwenyewe hatukumwita. Filamu ilipokuwa tayari ililetwa kwanza kwenye kibanda cha Base Camp, saa nane mchana, wazee wanne mstari wa mbele. Buti zilipotokea wanawake walipiga mayowe, nami nikamshika Byamungu mkono gizani. Mzee Asukulu akasimama mbele ya pazia, kivuli chake kikafunika ziwa zima.

“Mutu anaweza kuacha viatu,” alisema. “Maiti iko wapi?”

Ndipo ilipobidi kumzika. Seremala wa sokoni alituazima sanduku ambalo lilikuwa halijapata mwenyewe. Mchungaji Elia alikataa kabisa kuongoza maziko, akasema akiomba ameomba, na yule kijana anatakiwa kurudi kazini Jumatatu. Kwa hiyo Mzee Asukulu alisoma zaburi mwenyewe, maana yeye hakuwekewa mikono ya uchungaji na maombi yake hayana hatari. Kwaya ilikuja. Mama alikuja. Byamungu alishika fimbo ya maikrofoni, akisema safari hii sauti haitaharibiwa na mtu.

Mara ya kwanza ilishindikana. Jua lilikuwa kali, sanduku lilikuwa na joto, na katikati ya zaburi tukasikia mtu anakoroma. Mzee Asukulu akafunga Biblia kidole ndani.

“Maiti inakoroma.”

“Mzee, mimi nafuta hiyo sauti,” Tumwine alisema.

“Wewe utaifuta. Mimi nimeisikia.”

Tukamfufua Koplo, tukamnywesha vikombe viwili vya kahawa, tukamlaza tena. Betri ilikuwa ya mwisho. Nikasogea kwenye sanduku, nikavuta pumzi zangu tatu, nikamtafuta kuku. Hakuja. Niliinua macho nikamwona Byamungu ameshika ile fimbo nzito juu ya kichwa, hataki kuishusha, na nikawaza kwamba huyu Koplo akipiga chafya sandukuni sasa hivi, mimi nimekwisha, nitazeeka nikichota maji peke yangu. Hapo nililia. Sikujua nalia namna gani. Kwaya iliacha kuimba. Wamama wakaanza kulia matanga ya kweli, kila mmoja akiwataja wake, majina ambayo hatukuwa tumeyasikia tangu kule kwetu. Nilianguka juu ya sanduku na hakuna aliyekuwa ameniambia nianguke.

Nikiwa pale, nikaona machozi yanamtoka maiti. Yalishuka mpaka sikioni, taratibu, na jua likayapiga. Tumwine aliyaona ndani ya kamera. “Koplo nalia,” alinong’ona. Kila mtu akamtazama Mzee Asukulu. Naye alikuwa amesimama kichwani kwa sanduku, karibu kuliko sisi wote. Aliinama, akatazama yale machozi kwa muda, akatoa leso yake mwenyewe akayafuta.

“Jasho,” alisema. “Zikeni.”

Jioni hiyo aliandika kitabuni kwamba mume amefariki katika filamu ileile, akatia sahihi. Kisha akamuuliza Tumwine kama anaweza kurekodiwa tena akisoma zaburi, kwa upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia ana pengo.

Nilivaa kitenge cheusi siku arobaini. Majirani waliniletea maharage siku tatu mfululizo, na nilipowaambia Koplo yuko Makenke anakula vizuri, walisema pole tu.

Tulifunga ndoa mwaka 2014, saa nne asubuhi. Mchungaji Elia aliwaweka vijana mlangoni kukagua mifuko, kamera isiingie hata moja, ndiyo sababu picha ya siku hiyo sina. Marehemu alihudhuria akiwa na sare zake zilizopigwa pasi. Alikaa nyuma, na wamama wa benchi lile walisogea mpaka ukutani wakamwachia nafasi ya watu sita. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye kupinga, kanisa zima liligeuka kumtazama. Koplo alitazama mabati. Mchungaji akauliza mara ya pili na ya tatu, akingoja katikati, na Koplo aliendelea kuhesabu misumari.

Mchungaji akamgeukia Byamungu, akamuuliza kama anamkubali Mwamini kuwa mke wake. Niliogopa, maana wiki hiyo nilidhani maneno yake yamekwisha. Byamungu alisema kwa sauti iliyofika nje.

“Nilimukubali tangu zamani, Mchungaji. Ni nyinyi mulichelewa.”

Watu wakacheka, na mama alicheka kuliko wote. Halafu Mchungaji akanigeukia mimi. Neno lenyewe ni moja, mtoto anaweza kulisema. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilitazama upande ambao Tumwine hukaa na karatasi, nikaona ukuta. Nilivuta pumzi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaibana ya nne. Mchungaji aliinamisha miwani yake ya uzi akaniuliza tena, polepole, nami nikasimama pale namtazama Byamungu na midomo inacheza bila sauti.

Mzee Asukulu alikuwa mezani, kitabu kimefunguliwa, kalamu iko juu ya mstari. Akaegemea mbele akaninong’oneza kwa ile sauti ya mahakama ambayo hata walioko nje waliisikia.

“Sema ndiyo, binti yangu. Wino unakauka.”

Nikasema ndiyo, naye akaandika.